Mtaalamu wa tabia na mtoto wa malezi ya kambo

MTOTO wa miaka saba apelekwaye kuishi na familia ngeni aweza kuanza kuficha vipande vya chapati chini ya godoro. Mlezi hugundua siku sisimizi wanapoingia kitandani. Humgombeza mtoto, kisha huifunga kabati ya vyakula kwa kufuli. Mtoto naye huzidi kuiba. Baada ya majuma machache, mlezi humpigia simu afisa wa watoto na kumwambia aje amchukue mtoto wake.

Kisa cha aina hii ndicho humwita kazini mtaalamu wa tabia, yaani mshauri nasaha au mwanasaikolojia anayewashughulikia watoto walio katika malezi ya kambo. Jukumu lake kubwa ni kuhakikisha kuwa simu hiyo ya mwisho haipigwi.

Malezi ya kambo ni mpango ambapo mtoto asiyeweza kuishi na wazazi wake huwekwa kwa muda katika familia nyingine, chini ya uangalizi wa maafisa wa watoto. Mpango huu ni tofauti na uasili, ambao humfanya mtoto kuwa wa familia hiyo moja kwa moja. Nchini Kenya, malezi ya kambo yalitambuliwa na Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, na yanaendelea kutambuliwa na sheria ya mwaka 2022 iliyochukua nafasi yake. Mwaka huo wa 2022, serikali pia ilizindua mkakati wa miaka 10 unaonuia kuwaondoa watoto katika makao na kuwarejesha katika familia.

Kwamba familia humfaa mtoto kuliko makao si dhana tupu. Mjini Bucharest, Romania, watafiti kutoka Marekani walianza mwaka 2001 kuwafuatilia watoto wachanga 136 waliokuwa wakiishi katika makao. Nusu yao walipelekwa kwa walezi wa kambo. Watoto hao waliwapiku wenzao waliosalia katika makao kwa ukuaji wa akili na katika uhusiano wao na walezi, hasa wale waliohamishwa kabla ya kutimiza miaka miwili.

Hata hivyo, kumpa mtoto nyumba ni mwanzo tu. Mtoto aliyelala njaa, aliyepigwa au kutelekezwa huja na mbinu zilizomwezesha kuishi huko alikotoka. Huficha chakula kwa kuwa hana hakika kuwa kesho kitakuwapo. Husema uongo kwa sababu ukweli uliwahi kumletea kipigo. Wengine hukojoa kitandani, hutoroka, huvunja vyombo au humkumbatia kila mgeni aingiaye. Mlezi huona utundu pale ambapo mtaalamu huona hofu.

Kazi huanza kwa uchunguzi. Mtaalamu humwomba mlezi aandike katika daftari, kwa siku kadhaa, mambo matatu: lililotokea kabla ya kisa, alilofanya mtoto, na lililofuata baadaye. Daftari hilo huweza kufichua kuwa mtoto huvurugika kila Ijumaa jioni, baada ya kuonana na mama yake mzazi, au kila anaposikia mlango ukibamizwa.

Kisha mpango hutungwa. Kwa mtoto wa chapati, kufuli huondolewa. Badala yake hupewa mkebe wake wenye matunda au mkate, anaoruhusiwa kuufungua wakati wowote, na saa za mlo hazibadilishwi. Mtoto akisharidhika kuwa chakula hakitakatika, haja ya kuficha hupungua polepole. Huchukua miezi, na mara nyingine tabia hurudi baada ya kutoweka.

Kwa hivyo, sehemu kubwa ya kazi hii humhusu mtu mzima. Mtaalamu huonana na mtoto kwa saa moja au mbili kwa juma. Mlezi huwa naye usiku na mchana. Ni mlezi anayefundishwa kutopandisha sauti, kumweleza mtoto mapema kitakachofuata na kumsifu kwa jema dogo. Wahenga walinena kuwa samaki mkunje angali mbichi, lakini wapo wanaodhani kukunja ni kuchapa. Ibara ya 29 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kutoadhibiwa kwa kipigo. Aidha, kwa mtoto aliyezoea mapigo, kiboko humthibitishia tu kwamba nyumba hii ni sawa na ile aliyoikimbia.

Mtaalamu hutunza siri za mtoto, ila siri hiyo ina mpaka. Akigundua kuwa mtoto anadhulumiwa, hana budi kupiga ripoti, hata kama mshukiwa ni mlezi aliyemkaribisha sebuleni. Jambo hilo lafaa kuelezwa tangu siku ya kwanza, kwa lugha anayoielewa mtoto. Yeyote anayeshuku dhuluma anaweza kupiga nambari 116 bila malipo.

Anayetamani kazi hii huhitaji masomo ya saikolojia, ushauri nasaha au ustawi wa jamii. Sheria ya mwaka 2014 kuhusu washauri nasaha na wanasaikolojia inawataka wanaotoa huduma hizo kusajiliwa. Huhitaji pia mtaalamu mwenzake wa kumsikiliza, kwani masimulizi ya watoto hawa humwelemea hata msikilizaji mzoefu.

Ugumu mkubwa zaidi ni kwamba malezi haya ni ya muda. Mtoto huenda akarejeshwa kwao punde tu anapoanza kutulia. Mtaalamu mwema humwandaa kwa kuagana kama alivyomwandaa kwa kuingia, na huhakikisha daftari na mkebe vinaenda naye. Kila mtoto anapohamishwa ghafla bila maelezo, funzo analobaki nalo ni kuwa hakuna mtu mzima wa kuaminiwa, na mlezi wa pili hulipia kosa la wa kwanza.