Kengele ya Iten

SEHEMU YA KWANZA: YADI MIA MOJA

Jumatatu, 18 Aprili 1988. Watu wamejazana pande zote mbili za barabara ya Boylston mjini Boston, na wanaume wawili wanatokeza, mmoja mbele, wa pili akimfuata kwa karibu. Walianzia Hopkinton, zaidi ya saa mbili zilizopita. Kilomita 42 zimekwisha. Kilichobaki ni kipande cha lami ambacho mtoto wa shule angekimaliza bila kuhema.

Aliye mbele ni Juma Ikangaa, askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Ni mtu wa kuongoza. Hapendi kujificha nyuma ya mgongo wa mwenzake na kumvizia; anashika mbele, anakaza mwendo, na anayetaka kumfuata amfuate. Anayemfuata leo ni Ibrahim Hussein wa Kenya, na amemng'ang'ania vilima vyote vya Newton bila kumwacha.

Mbio hizi zilianza mwaka 1897 na Mwafrika hajawahi kuzishinda hata mara moja. Leo atashinda Mwafrika, hilo halina ubishi tena. Tena atashinda mtu wa Kiswahili! Nyuma yao, mbali kidogo, anakuja John Treacy wa Ireland, aliyepata medali ya fedha ya marathoni Los Angeles mwaka 1984. Msomaji, usiisahau hiyo Ireland. Inahusika sana na tunachosimulia.

Hussein si mgeni kwa ushindi. Novemba iliyopita alishinda New York, naye akawa Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Kabla ya hapo alisoma Chuo Kikuu cha New Mexico. Na kabla ya New Mexico alikuwa mvulana wa sare, analala bwenini, anaamka kwa kengele, katika shule ya Kikatoliki ya St. Patrick's, mji mdogo wa Iten, magharibi mwa Kenya.

Iten iko mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, ukingoni kabisa mwa bonde la Kerio. Ukisimama pale ukingoni, ardhi inakatika mbele ya miguu yako na bonde linashuka zaidi ya mita elfu moja. Upande wa pili ni mashamba, malisho na barabara za udongo mwekundu. Mwaka huo wa 1988, jina la shule hiyo moja ya wavulana lingesikika Boston wakati wa masika na Seoul kabla mwaka haujaisha. Sijui shule nyingine ya sekondari barani Afrika iliyoupata mwaka wa namna hiyo.

Lakini bado tuko Boylston. Mstari unaonekana. Zimebaki yadi mia moja, na Ikangaa yu mbele. Mkenya anachepuka kutoka nyuma ya mgongo wake, anatafuta nafasi ya kupita, na hatua zake zinabadilika ghafla, zinakuwa fupi na kali. Ikangaa anasikia nyayo. Naye anaongeza.

Itaendelea.


SEHEMU YA PILI: MWALIMU WA JIOGRAFIA

Sekunde moja.

Hussein alikata utepe kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 43. Ikangaa akaingia sekunde ya 44. Treacy alifika wa tatu. Inaniuma kila nikiitazama namba hiyo, kwa sababu Ikangaa alirudi Boston mwaka 1989 akawa wa pili, akarudi 1990 akawa wa pili tena. Alichokosa Boston alikipata New York mwaka 1989, aliposhinda kwa saa 2:08:01. Mtanzania yule alistahili kila kilichokuwa mbele yake.

Sasa turudi Iten.

St. Patrick's ilianzishwa mwaka 1961 na mabruda wa Mtakatifu Patriki, shirika lililozaliwa Ireland mwaka 1808 kwa kazi ya kufundisha vijana. Tangu mwanzo wavulana wake walikimbia. Mike Boit, aliyesoma hapo, alileta medali ya shaba ya mita 800 kutoka Munich mwaka 1972. Miaka minne baadaye Boit alikuwa miongoni mwa waliopewa nafasi kubwa ya dhahabu Montreal. Hakukimbia. Kenya na nchi nyingi za Afrika zilisusia michezo hiyo, baada ya timu ya raga ya New Zealand kwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Mwaka 1980 Kenya ikasusia tena, safari hii Moscow.

Mwaka ule wa Montreal, 1976, alifika Iten bruda kijana kutoka Cork, Colm O'Connell, mwalimu wa jiografia. Alikuja kwa muda mfupi. Hakuwa na cheti cha ukocha wala hakuwahi kuwa mwanariadha. Aliyemkuta akifundisha mbio ni Mwingereza Peter Foster, mdogo wa Brendan Foster aliyepata shaba ya mita 10,000 hukohuko Montreal. Peter alimpa bruda kazi ya kumsaidia uwanjani, kisha yeye akaondoka zake kwao. Bruda akabaki na wavulana, uwanja, na swali: nifanye nini?

Alichofanya ni kutazama. Bruda Colm anasimama pembeni ya uwanja na kumwangalia mvulana mmoja kwa muda mrefu: mguu unatua wapi, mabega yamekaza au yamelegea, mikono inakwenda mbele au inakatiza kifua. Anamsimamisha, anamrudisha, anamwambia atembee kwanza. Mazoezi yake mengi si ya kasi hata kidogo. Ni ya kunyanyua magoti, kuruka kidogo, kukimbia polepole mpaka mwili ujifunze kwenda bila kupigana na wenyewe. Kijana wa miaka 15 mwenye kipaji hakamuliwi, anaachwa akomae. Wengi walifika bila viatu vya mbio, na nyasi za uwanja hazikuwadai viatu.

Ninaposimulia haya nawaza Ngungu, mashariki mwa Kongo. Msomaji wa huko kusini mwa Masisi anaijua asubuhi ya namna hiyo: ukungu juu ya malisho, ng'ombe wakitoka zizini, watoto wakishuka kilima kimoja na kupanda kingine kwenda masomo. Watu husema Wakalenjin, wenyeji wa Iten, wana damu ya mbio, au ni hewa ya juu tu. Hewa ina kazi yake, kweli. Mwili unaoishi kwenye mwinuko hutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi za kubeba oksijeni. Lakini milima ya Masisi nayo inapita mita 2,000, na kijana wa Ngungu anapanda na kushuka mchana kutwa akiwa na mzigo kichwani au jerikeni mgongoni. Hakupungukiwa mapafu. Iten ilipata kitu ambacho Ngungu haikuachiwa: miaka na miaka ya mwalimu yuleyule kwenye uwanja uleule, muhula baada ya muhula, bila shule kufungwa kwa milio ya risasi, bila familia kufunga virago usiku.

Mwaka 1988 Ngungu ilikuwa Zaire, na vita ya 1993, ile iliyoanzia Walikale ikaenea Masisi, ilikuwa bado haijafika. Tangu hapo imepita zaidi ya miaka thelathini ya watu kukimbia kwa sababu nyingine kabisa, na nalisema hili waziwazi: vita haiji kama mvua. Kuna watu wanaoileta. Kila shule iliyogeuzwa kambi ya wakimbizi ni uwanja ulioibwa kwa watoto.

Basi. Septemba ikafika, na Olimpiki ya Seoul ikafunguliwa tarehe 17. Katika kikosi cha Kenya alikuwamo Peter Rono, kijana wa Kinandi wa miaka 21, mfupi wa umbo, zao la uwanja wa Bruda Colm. Alikuwa ameshavuka bahari kwenda Mount St. Mary's, chuo cha Kikatoliki huko Emmitsburg, Maryland, njia waliyoipita kabla yake mapacha Kip na Charles Cheruiyot, nao wavulana wa Iten, ambao walikimbia Los Angeles mwaka 1984.

Tarehe 26 Septemba Paul Ereng akachukua dhahabu ya mita 800. Tarehe 30 Julius Kariuki akachukua ya kuruka viunzi na maji. Jumamosi, 1 Oktoba, ikawa zamu ya mita 1500. Kenya bado ilikuwa asubuhi; habari za Seoul zilifika vijijini kwa redio, Sauti ya Kenya, betri zikianikwa juani mchana wa siku iliyotangulia ili zisiwaangushe.

Majina makubwa yalikuwa ya wengine. Saïd Aouita wa Morocco alikuwa amejitoa kwa jeraha, lakini Steve Cram wa Uingereza alikuwapo, bingwa wa dunia wa 1983 na mwenye rekodi ya maili. Alikuwapo Peter Elliott, Mwingereza mwenzake, aliyekuwa akivumilia maumivu ya kinena. Alikuwapo Jens-Peter Herold wa Ujerumani Mashariki. Rono? Wachache walimtaja.

Mizunguko ya mwanzo ikaenda polepole, kila mmoja akimsubiri mwenzake. Hiyo ndiyo mbio wanayoipenda wenye kasi ya mwisho, na Cram alikuwa nayo. Rono hakuipenda. Akatoka, akashika mbele. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikalia na mvulana wa Iten bado yuko mbele, nyuma yake Waingereza wawili na Mjerumani, wote warefu kuliko yeye, wote wakipumua shingoni mwake. Kona ya mwisho. Elliott anatoka pembeni.

Itaendelea.


SEHEMU YA TATU: BENDERA

Hakupita.

Elliott alijaribu, akajaribu tena, na kila mara alipokaribia Rono alipata hatua nyingine ambayo haikuonekana ilikotoka. Dakika 3 na sekunde 35.96. Elliott 3:36.15, Herold 3:36.21, na Cram, bingwa mkubwa, wa nne kwa 3:36.24. Watu wanne ndani ya theluthi moja ya sekunde. Tangu Kipchoge Keino aliposhinda Mexico mwaka 1968, hakuna Mkenya aliyekuwa ameipata dhahabu ya mita 1500. Siku hiyohiyo John Ngugi akashinda mita 5,000, na Kenya ikaondoka Seoul na dhahabu tano, moja ya ndondi.

Nimeitazama picha ya mbio ile mara nyingi, na kila mara macho yangu yanaishia mabegani mwa Rono. Yamelegea. Mita hamsini za mwisho za fainali ya Olimpiki, mwenye rekodi ya maili yuko nyuma yake, na mabega yale yametulia. Hapo ndipo unapoiona kazi ya mwalimu aliyesimama pembeni ya nyasi miaka yote ile akisema legeza, legeza.

Iten ina desturi nzuri: bingwa hupanda mti katika eneo la shule, na jina lake huandikwa kwenye kibao. Mvulana wa kidato cha kwanza anapita hapo akienda darasani na kuyasoma majina. Si sanamu za watu wa mbali; ni wakubwa zake, walikula ugali uleule, walikaripiwa na walimu walewale kwa kuchelewa. Naamini kibao kile kina nguvu kuliko hotuba yoyote ya waziri wa michezo.

Ushindi wa 1988 ungeweza kumfanya Bruda Colm ahamie mjini, afungue ofisi, achukue wakubwa wenye majina. Alifanya kinyume. Mwaka 1989 alianzisha kambi ya likizo pale Iten kwa vijana wadogo, wavulana na wasichana pia. Wenye shule zao huko na huko, likizo ikifika wanabeba mashuka na kwenda kukimbia. Leo Iten imejaa kambi na wageni kutoka kila bara. Wakati ule ilikuwa moja tu, ya bruda.

Na miongoni mwa wavulana wa St. Patrick's wa miaka ile alikuwamo kijana mmoja mwembamba sana, wa mizunguko miwili. Wilson Kipketer. Hatua zake ndefu, laini. Ukimwona akikimbia unadhani anatembea, mpaka utazame saa.

Kenya haikuwa na shida ya wakimbiaji wa mita 800. Ereng ndiye huyo, ana dhahabu. Nyuma yake foleni ni ndefu. Basi mwaka 1990 kijana wa Iten anapata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo, na safari hii si Marekani. Ni Denmark, nchi tambarare ya baridi na upepo, isiyo na kilima cha kutosha kumchosha mbuzi. Anatua Copenhagen. Anajifunza lugha yao, anatafuta uwanja, anaanza kukimbia. Na hakuna anayemfikia.

Mwaka 1995, Gothenburg, Sweden, fainali ya mita 800 ya ubingwa wa dunia. Anashinda. Jezi aliyovaa ni ya Denmark.

Mwaka unaofuata ni wa Olimpiki, Atlanta, na duniani kote hakuna anayekimbia mizunguko miwili vizuri kuliko yeye. Lakini Olimpiki haina utaratibu wa ubingwa wa dunia. Inadai uraia kamili, na sheria ya Denmark ya wakati huo inataka miaka saba ya kuishi nchini. Hesabu ni rahisi hata kwa mtoto. Mwaka 1990 ukiongeza saba ni 1997.

Kipketer yuko tayari. Kenya ina mashujaa wake wa mita 800 na inataka dhahabu yake. Denmark inamtaka, lakini haijampa karatasi. Barua zimeshafika mezani kwa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, siku zinakwisha, na majina ya washiriki wa Atlanta lazima yafungwe.

Itaendelea wikiendi ijayo.