Namba ya Mtawa Mersenne

Wakristo wa kale waliipenda namba 6. Vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, ni 1, 2 na 3. Vijumlishe, unarudi kwenye 6. Namba ya namna hiyo huitwa kamilifu, na Mtakatifu Augustino aliandika kwamba Mungu aliumba kwa siku sita kwa sababu 6 ni kamilifu. Zinazofuata ni 28 na 496, kisha huadimika mno. Ili kupata nyingine, watu walitafuta namba tasa ya aina moja: unazidisha 2 kwa 2 mara kadhaa, kisha unatoa 1. Kwa njia hiyo 3 inazaa 6, na 7 inazaa 28.

Jambo hilo lilimvuta Marin Mersenne, mtawa wa Paris ambaye wataalamu wengi wa Ulaya waliandikiana kupitia kwake. Mwaka 1644 alichapisha orodha ya namba tasa za aina hiyo. Mojawapo hupatikana kwa kuandika 2 mara 67, kuzizidisha zote, na kutoa 1:

147,573,952,589,676,412,927

Hakutoa uthibitisho. Tena alikiri mwenyewe kwamba kuipima namba ya tarakimu 15 au 20 ni kazi ambayo muda wote wa dunia usingeitosha. Hata hivyo aliiandika kama jambo la hakika, na kwa kuwa aliheshimiwa, wengi waliipokea hivyo.

Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kwamba namba hiyo si tasa. Ila njia yake haikutaja vigawo. Kwa miaka 27 ilijulikana kwamba vipo, lakini hakuna aliyeviona. Sisi waumini twaweza kukimbilia kusema kwamba hiyo ndiyo imani. Mimi nasita: Lucas alikuwa na hesabu mkononi. Aliyesema bila kuhakikisha ni ndugu yetu mtawa.

Oktoba 1903, katika mkutano wa wanahisabati huko New York, Frank Nelson Cole alisimama ubaoni. Inasimuliwa kwamba hakutamka neno. Aliikokotoa namba ya Mersenne, akasogea upande wa pili wa ubao, akaandika 193,707,721 mara 761,838,257,287, akazidisha kwa mkono hatua kwa hatua. Majibu yakalingana. Akarudi kuketi, ukumbi ukapiga makofi. Alipoulizwa baadaye kazi hiyo ilimchukua muda gani, inasemekana alijibu: Jumapili za miaka mitatu. (Mchungaji wake alisemaje, sijui.)

Ukaguzi wa orodha nzima ulikamilika mwaka 1947. Mtawa alikosea mara tano: mbili alizoziita tasa si tasa, na tatu zilizo tasa aliziacha. Namba tasa za aina hiyo zingali zinaitwa kwa jina lake.