Maji, Lami na Mafuta ya Mgando: Habari za Ngozi Hapa Nechells

Tulihamia Nechells kutoka London mwaka 1999 tukiwa na mtoto wa miaka mitatu aliyejikuna usiku hadi shuka zikaingia madoa ya damu. Nyumbani tunaita pumu ya ngozi; vitabu husema ukurutu. Baada ya miezi michache ngozi ilitulia. Birika nalo, ambalo London lilijaa ukoko mweupe, lilibaki safi. Mmoja wetu ni mhandisi, basi tukaunganisha mambo hayo mawili na kupata jibu: maji.

Na jibu lenyewe lilikuwa na historia ya kujivunia. Mwaka 1892 Manispaa ya Birmingham ilipata sheria ya kuleta maji kutoka bonde la Elan, Wales. Mhandisi James Mansergh alisanifu mabwawa, na mwaka 1904 Mfalme Edward wa Saba akaufungua mradi. Maji husafiri maili 73 kwa mteremko tu, bila pampu, kwa takriban siku moja na nusu. Kwa kuwa yanatoka kwenye miamba yenye chokaa kidogo sana, ni laini. Habari hii tumewasimulia wageni mara nyingi mno, chai ikapoa mezani.

Tatizo ni kwamba hatukuishia kusimulia. Rafiki zetu wa London walikuwa na binti mwenye shida ileile, tukawashauri wanunue mashine ya kulainisha maji. Walikopa. Binti aliendelea kujikuna, na mkopo ukaendelea kulipwa. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa Uingereza kwa watoto 336 wa maeneo yenye maji magumu: mashine hizo hazikuongeza nafuu yoyote juu ya matibabu ya kawaida. Ni kweli tafiti nyingine zimeona ukurutu mwingi zaidi penye maji magumu, lakini kuona vitu viwili pamoja si kuthibitisha kwamba kimoja kimezaa kingine. Watoto wengi hupata nafuu wanapokua. Huenda wetu alikuwa anakua tu.

Nechells ina historia nyingine ya ngozi, nayo inanuka. Mwaka 1875, Joseph Chamberlain akiwa Meya, Manispaa ilinunua kampuni mbili za gesi za mji. Gesi ilitengenezwa kwa kupasha makaa ya mawe joto kali mitaani humu, na mabaki yake yalikuwa lami nyeusi. Lami ya namna hiyo, ikishasafishwa, ilitiwa katika sabuni na marhamu za muwasho. Sabuni ya Wright's ilianza kuuzwa miaka ya 1860. Leo madaktari huitumia lami zaidi kwa ugonjwa wa psoriasis na ngozi ya kichwa. Mafuta ya mgando yalitoka kwenye mabaki ya visima vya petroli: Robert Chesebrough alipata hataza ya Vaseline Marekani mwaka 1872. Takataka ya kiwanda ikawa dawa ya maskini, na hadi leo haijashindwa.

Tunasema haijashindwa kwa sababu mwaka 2022 utafiti wa Uingereza kwa watoto 550 ulilinganisha losheni, krimu, jeli na marhamu. Hakuna aina iliyozishinda nyingine. Basi bora ni ile mtoto atakayokubali kupakwa kila siku, kwa wingi: mwongozo wa Uingereza unataja gramu 250 hadi 500 kwa wiki kwa mtoto. Paka kufuata malaika wa ngozi, usisugue. Maji ya kuoga yawe vuguvugu, sabuni iachwe, kucha zikatwe. Mafuta ya kumimina ndani ya beseni msinunue. Utafiti wa mwaka 2018 haukuona faida yake. Aqueous Cream isiachwe juu ya ngozi, maana huweza kuiwasha. Mafuta ya zeituni, tuliyoyapenda sana, hudhoofisha ngozi. Na nguo au shuka zilizolowa mafuta haya hushika moto upesi, hivyo kaeni mbali na jiko na sigara.

Hydrocortisone ya asilimia 1 huuzwa bila cheti cha daktari tangu mwaka 1987, lakini si ya usoni, si ya mtoto chini ya miaka 10 bila daktari, na si zaidi ya siku saba. Krimu za madukani zisizotaja viambato, zinazong'arisha ngozi kwa siku tatu, tuziogope: baadhi zimekutwa na steroidi kali. Kumbukeni pia kwamba kwenye ngozi yetu nyeusi uvimbe hauonekani mwekundu. Huwa wa kijivu au zambarau, na huweza kudharauliwa. Vidonda vikitoa maji, vikiota ukoko wa njano, au malengelenge yenye maumivu na homa yakitokea, daktari aitwe siku hiyohiyo. Watoto chini ya miaka 16 hawalipii dawa za cheti hapa England.

Rafiki zetu tuliwapigia simu ile 2011 kuwaomba radhi. Mama alicheka, akasema mashine ilikuwa imeshauzwa, na binti alikuwa anatumia kopo la mafuta ya mgando.