Matumizi ya ulinzi kama kipimo cha uchumi (Kongo)

Matumizi ya ulinzi kama kipimo cha uchumi ni fedha za serikali zinazokwenda jeshini, zikilinganishwa na pato la taifa. Taasisi ya SIPRI ya Stockholm ilikadiria kuwa mwaka 2023 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitumia dola milioni 794, ongezeko la asilimia 105 katika mwaka mmoja, vita na waasi wa M23 vikipamba moto mashariki. Hata hivyo, uwiano wa matumizi hayo na pato la taifa huyumba katika nchi inayotegemea madini. Kwa mfano, tani ya madini ya kobalti ilipita dola 90,000 mwaka 2018, kisha mwaka 2019 ikashuka chini ya 30,000. Pato linapopanda au kushuka hivyo, uwiano hubadilika hata kama jeshi halijaongezewa senti.

Kasulo, mtaa wa mji wa Kolwezi, unaonyesha upungufu wa pili wa kipimo hiki: hakihesabu ulinzi wote. Kobalti ilipogunduliwa chini ya nyumba mwaka 2014, wakazi walichimba mashimo hadi vyumbani. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta, na ununuzi wa madini ukakabidhiwa kampuni moja. Mishahara ya walinzi binafsi wa maeneo kama hayo haimo katika hesabu ya ulinzi. Ya wanajeshi waliopelekwa migodini mkoani Lualaba, ulipo Kolwezi, mwaka 2019 imo. Wapo wanaotetea uwiano kwa kuwa hurahisisha kulinganisha nchi. Ni kweli, lakini usisomwe peke yake: uambatane na fungu la ulinzi katika bajeti na thamani halisi ya fedha baada ya mfumuko wa bei.