Mageuzi ya mtihani wa nadharia wa leseni ya rubani binafsi

Mtihani wa nadharia wa leseni ya rubani binafsi ni mtihani ambao mwanafunzi wa urubani hutakiwa kuufaulu kabla ya kupimwa angani. Leseni hiyo humruhusu mtu kurusha ndege ndogo na kubeba abiria, lakini si kwa kulipwa. Mambo anayopaswa kuyajua yametajwa katika Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, yakiwemo sheria za anga, hali ya hewa, mifumo ya ndege na udhaifu wa binadamu. Namna ya kuyapima huachiwa kila nchi. Tanzania na Kenya hufanya hivyo kupitia mamlaka zake za usafiri wa anga.

Marekani

Nchini Marekani mtihani ni mmoja wenye maswali 60. Kila swali lina majibu matatu ya kuchagua, na alama ya kufaulu ni asilimia 70. Kwa miaka mingi maswali yenyewe yaliuzwa vitabuni pamoja na majibu yake, hivyo mwanafunzi aliweza kufaulu kwa kukariri tu. Hatari yake si ndogo. Katika uwanja ulio juu sana, kama ule wa Leadville, Colorado, ulio zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, hasa siku ya joto, na ndege huhitaji barabara ndefu zaidi ili iruke. Aliyekariri herufi ya jibu bila kuelewa sababu anaweza kuligundua hilo barabara inapokwisha.

Mwaka 2011 mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, FAA, iliunda kamati pamoja na wadau wa sekta kuchunguza suala hilo. Matokeo yake ni viwango vipya vilivyoanza kutumika Juni 2016. Kwa kila kazi ya rubani, viwango hivyo vinaeleza anachopaswa kujua, hatari anazopaswa kuzipima na anachopaswa kutenda. Maswali yaliyopitwa na wakati yaliondolewa, kwa mfano yale ya kifaa cha kufuata minara ya zamani ya redio, pamoja na hesabu ndefu za kukadiria thamani kutoka chati kadhaa. Sehemu alizokosea mtahiniwa huonyeshwa kwenye cheti cha matokeo, na mtahini humhoji tena kwa mdomo kuhusu sehemu hizo siku ya mtihani wa vitendo.

Ulaya

Katika nchi zinazofuata kanuni za EASA, nadharia imegawanywa katika masomo tisa yenye jumla ya maswali yasiyopungua 120. Kila somo lahitaji asilimia 75, na yote yakamilike ndani ya miezi 18. Mgawanyo huo humwezesha mwanafunzi kusoma kidogo kidogo, ingawa pia humrahisishia kusahau somo la kwanza kabla ya kufika la tisa. Uingereza, ambako karatasi za mitihani zilikuwa zikifanyiwa katika shule za urubani, ilianzisha mitihani ya mtandaoni mwaka 2020.