Fimbo ya Serikali na Fimbo ya Baba

Wazazi wa Masisi hutuambia: «Fimbo ni malezi ya wazee wetu.» Hatukatai kwamba wazee walipiga, lakini tukumbuke vema. Wakati wa Wabeleji, fimbo ya ngozi ya kiboko ilikuwa adhabu ya Serikali: watu wazima walipigwa mbele ya watu, wana wao wakiona. Mwaka 1960 utawala ule ulikwisha, fimbo ikabaki nyumbani. Sheria ya Jamaa ya 1987 ilimruhusu mzazi kumrudi mtoto, ila kwa kipimo cha umri wake na kwa kutengeneza mwenendo wake. Mtakatifu Paulo naye awakataza baba kuwachokoza watoto (Ef. 6, 4). Basi, kabla ya kuinua mkono tujiulize: twamlea mwana, ao twamlipisha yale waliyotendewa babu zetu?