Kumbukumbu za elektroniki zinazoyeyuka mwilini

KWA miaka mingi, ubora wa kifaa cha elektroniki umepimwa kwa kudumu kwake. Hata hivyo, wanasayansi wamekuwa wakiunda vifaa vya aina nyingine: vinavyofanya kazi kwa muda uliopangwa, kisha vikayeyuka bila kuacha masalio yenye madhara.

Haja ya vifaa hivyo hudhihirika hospitalini. Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa moyo huenda akawekewa nyaya za muda za kuongoza mapigo, ambazo baadaye huvutwa nje. Kuzitoa kuna hatari zake. Mwanaanga Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, alifariki Agosti 2012 akiwa na umri wa miaka 82, kufuatia kuvuja damu kwa ndani baada ya nyaya kama hizo kutolewa.

Mwezi uliofuata, John Rogers wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, Fiorenzo Omenetto wa Chuo Kikuu cha Tufts na wenzao walieleza katika jarida la Science jinsi ya kuunda saketi inayoyeyuka. Waliitengeneza kwa utando mwembamba mno wa silikoni, magnesiamu na hariri. Silikoni huyeyuka polepole sana majini, lakini ikiwa nyembamba kiasi hicho haichukui muda mrefu kuisha. Magnesiamu nayo ni madini ambayo mwili huyahitaji. Hariri iliyofunika saketi ndiyo huchelewesha maji kuifikia.

Kifaa kinachopima joto au shinikizo mwilini huhitaji pia kumbukumbu ya kuhifadhi vipimo hivyo. Mojawapo ya mbinu zilizojaribiwa ni kuweka utando wa kihami baina ya tabaka mbili za metali. Volteji ya kutosha hujenga ndani ya kihami njia nyembamba inayopitisha umeme. Volteji nyingine huivunja. Hali hizo mbili husomwa kama 1 na 0, na hubakia hata umeme unapokatika. Watafiti wametumia protini ya hariri, na hata ute wa yai la kuku, kuwa kihami. Metali zikiwa zile zinazoyeyuka, kama vile magnesiamu na tangsteni.

Tatizo kubwa ni maji. Yakipenya mapema, tabaka moja ya metali hukatika na habari zote hupotea, ijapokuwa sehemu kubwa ya kifaa ingali nzima. Yakizuiwa kupita kiasi, kifaa hukaa mwilini kuliko inavyotakiwa. Kwa hivyo, uteuzi wa kifuniko una uzito sawa na uteuzi wa kumbukumbu yenyewe.

Hatua zimepigwa. Mnamo 2021, kundi la Rogers, ambaye wakati huo alikuwa amehamia Chuo Kikuu cha Northwestern, lilitangaza kifaa kisicho na nyaya cha kuongoza mapigo ya moyo ambacho huyeyuka mwilini. Mwaka 2025 likatoa kingine kidogo kuliko punje ya mchele: urefu milimita 3.5, upana 1.8 na unene 1.

Manufaa hayaishii hospitalini. Kwa mujibu wa Umoja wa Mataifa, ulimwengu ulizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki mwaka 2022, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo.